Mkuu, dari na ukuta usiviguse mpaka mvua za masika zipite

Mkuu, hiyo simu ya kumpigia fundi iweke chini kwanza. Nimesoma uzi wako wote: nyumba imeisha Goba, paa la kuficha (lile ambalo bati linajificha nyuma ya ukuta), unahamia mwisho wa mwezi wa pili na shemeji na watoto watatu, unauliza rangi ya sebule, mapazia, TV ikae ukuta upi na chumba cha watoto kipakwe nini. Sawa. Ila kuna mstari mmoja, wa bodi za dari na lipu laini ya kumalizia ukuta, umeupitisha katikati kama kitu kidogo: "fundi kashauri tumalize jipsamu na skimu kabla ya kuhamia, vumbi lisije likaharibu makochi." Hapo nilikitua kikombe cha chai. Hiyo sentensi naijua. Niliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno, na aliyeniambia mpaka leo ana ngazi yangu.

Mimi niko Kibada, Kigamboni. Nilihamia wakati wa Sabasaba 2023. Kiangazi, jua la kutosha, ukuta ukiugonga unalia kama mtungi mkavu. Nikamwaga zaidi ya milioni nne: dari ya jipsamu ya sebule, dainingi na korido ilikula 2,300,000 na ufundi wake, skimu na rangi ya silki, ile inayong'aa, 1,450,000, karatasi za ukutani za nyuma ya TV, zile zenye sura ya marumaru, 380,000. Dari ilikuwa ya ngazi mbili, na taa za LED za kubadilika rangi. Ukiwasha ile ya zambarau unajiona uko baa, imebaki mtu kuja kukuuliza unakunywa nini. Msinicheke. Mama watoto aliiweka stetasi siku tatu mfululizo.

TMA, watu wa hali ya hewa, walishatangaza kwamba vuli ya mwaka ule itakuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Nino. Nikajisemea hayo ni ya watu wa mabondeni, mimi nina bati jipya.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, nikaona doa pembeni ya taa ya tatu. Rangi ya chai ya maziwa, ukubwa wa chapati, ukingo wake umekolea kidogo. Kesho yake likawa sahani. Mwisho wa wiki sinia. Nikampigia fundi, akaniambia, "Huo ni unyevu tu bosi, pitisha rangi juu yake, litapotea." Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikanunua lita moja ya rangi nyeupe nikapanda kwenye stuli nikalifunika doa. Nilikuwa napaka poda kwenye jipu. Siku nne nililala kwa amani.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Moshi kuja kuiona nyumba. Mvua ikaanza jioni, ikapiga bila kupumzika. Mnaopenda jipsamu mjue kitu kimoja: ile bodi ni unga uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Maji hayapiti moja kwa moja ukayaona. Inayanywa. Inayanywa kimya kimya, inakuwa nzito, inaanza kutoa tumbo, na skrubu zinabaki zimeng'ang'ania mbao huku bodi yenyewe imeshalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Saa tisa usiku nikasikia kishindo, nikadhani tumevamiwa. Natoka na panga mkononi, nakuta bodi moja na nusu imelala juu ya kochi la L, uji mweupe umetapakaa mpaka kwenye zulia, na maji yanatiririka kwenye waya za zile taa zangu za baa. Nikakimbilia meni swichi nikazima nyumba nzima. Mama mkwe katoka chumbani na kanga yake, akamulika tochi ya simu juu, akamulika chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, kwani hii nyumba mmeshaimaliza?"

Hilo swali liliniuma kuliko ile milioni mbili.

Asubuhi nikapanda juu mwenyewe kwa ngazi ya jirani. Sasa nisikilize vizuri, maana na wewe una paa la kuficha. Bati la kawaida lina mwamvuli, linatoka nje ya ukuta, hivyo hata gata ikiziba maji yanamwagikia uani, utalowa miguu basi. Paa la kuficha maji yake yote yanakimbilia kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta wa juu, kisha yanatafuta bomba la kushukia. Bomba likiziba, maji hayana pa kwenda. Yanapanda kama yanavyopanda kwenye beseni, yanapita ukingo wa bati, yanaingia kwako. Bomba langu lilikuwa moja tu, la inchi mbili, kwa paa zima. Na mdomoni mwake nilikuta makaratasi ya mifuko ya saruji yaliyogandamana, vipande vya bati, misumari, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Kandambili ya fundi! Nilimtumia picha. Akajibu kwa kikaragosi cha kucheka.

Na si yeye peke yake. Nina hasira na hawa vijana wa video, "sebule kali kwa bajeti ndogo", muziki chini, kamera inazunguka dari taratibu. Zote zinarekodiwa kiangazi, siku rangi ilipokauka. Sijaona hata mmoja anayerudi nyumba ile ile mwezi wa nne na kamera yake. Rudi basi tuone! Na fundi anayekuambia umalize kabla hujahamia hana wasiwasi wowote na makochi yako. Anataka hela yote mkononi kabla mvua hazijamuumbua, maana ukishaishi mle ndani utaona mambo.

Kuta nazo, nisisahau. Ukuta wa nyuma ya TV, chini, kama futi tatu kutoka sakafuni, rangi ilianza kutoka malengelenge. Ukilipasua moja ndani kuna unga mweupe, ukiulamba (nililamba, ndiyo, usiniangalie hivyo) ni chumvi. Tulijengea maji ya kisima cha jirani, na kisima chenyewe kina chumvi. Halafu kumbe msimamizi aliruka ile nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta yakiwa na chumvi, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Rangi ya silki ndiyo inazidisha, inaziba ukuta usipumue. Karatasi zangu za marumaru zilibanduka zenyewe kuanzia chini, kila siku kidogo, na nyuma yake ukungu mweusi. Nilikwangua nikapaka upya mara mbili. Mara mbili, mkuu. Mara ya tatu ndipo mzee mmoja fundi wa Mbagala aliponiambia sina ugonjwa wa rangi, nina ugonjwa wa maji. Akabandua plasta yote ya chini na kuanza upya.

Kwa hiyo: msimu mmoja wa masika ukukute ndani ya nyumba ikiwa haijapambwa. Basi. Mwezi wa tatu huo unakuja, mwezi wa tano unaisha, hata subira yenyewe si ndefu. Hamia na dari ikiwa wazi hivyo hivyo. Piga mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, ya bei ya chini, ukuta upumue. Mvua ya kwanza kubwa ikipiga, zunguka na tochi, weka alama kwa penseli kila penye unyevu na uandike tarehe. Dari ikiwa wazi unaona tone linatokea ubao upi. Ukishaifunga na jipsamu, maji yanaingilia jikoni yanatokea korido, utabaki kubahatisha.

Huwezi kusubiri? Basi leo hii panda juu na mpira wa maji, jaza ule mfereji, uache maji yatiririke saa nzima mtu akiwa chini anaangalia. Halafu chukua kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne usiache upenyo, kiache siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado una maji, na atakayekuambia upige skimu hapo mwulize anaishi wapi.

Vumbi la jipsamu lipo kweli, sikatai. Ila makochi yanafunikwa kwa nailoni, fundi anafanya chumba kimoja kimoja, wiki mbili mnakula mnapiga chafya. Mimi kochi langu halikupata vumbi hata kidogo. Lilipata dari.

Ukija kuweka jipsamu huko mbele, mwambie fundi aache kimlango cha kupandia darini. Wangu aliniambia kitaharibu muonekano. Na mabomba ya kushusha maji yasiwe moja.

Uliuliza na nini tena? Mapazia. Mapazia nunua, yanavuliwa. Rangi ya chumba cha watoto sijui, waulize wenyewe, wangu walitaka ya Simba na Yanga ukuta mmoja mmoja na tumekataa. TV weka popote isipokuwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Sebule yangu mimi mpaka sasa dari ni ubao wazi, ukutani mama watoto ametundika mkeka mkubwa wa ukindu aliununua Bagamoyo, wageni wanadhani ni mtindo mpya wananiuliza fundi ni nani.

Kabla hujapanda juu, azima ngazi kwa jirani. Na fundi wako naye akikuomba ya kwako, usimpe.