Potasiamu au chumvi tu? Kwa mnaoanza na makrofaji za mapafu (seli za kinga zinazomeza vijidudu)

Wadogo zetu, grafu ile ile imerudi tena: KCl (kloridi ya potasiamu) imeshusha IL-1β, protini inayochochea inflamesheni, na chini yake mtu kaandika kwamba chaneli ya potasiamu, yaani mlango wake kwenye utando wa seli, imethibitishwa kuhusika. Bado haijathibitishwa.

1. LPS (kipande cha ukuta wa bakteria) kwanza, kwa muda wa saa 3 hadi 4, ndipo ATP ya milimola 5. Ukigeuza, hakuna pro-IL-1β (IL-1β ghafi) ya kukatwa.

2. KCl. Hapa tukae kidogo. Ndani ya seli potasiamu ni kama milimola 140, nje ni 5. ATP ikifungua chaneli ya P2X7, sodiamu na kalisi huingia, potasiamu hutoka, na TWIK2, chaneli ya potasiamu, huiongezea njia. Kushuka huko ndiko kunakoamsha NLRP3, protini inayoanzisha ukataji wa pro-IL-1β, kwa hiyo ukipandisha potasiamu ya nje, inatulia. Nadharia ni safi, mkono ndio unaoharibu. Mtu anachota KCl ya mola 1 na kuidondoshea midia (majimaji ya kukuzia seli) ile ile mpaka potasiamu ifike milimola 50. Jamani, KCl huachana kuwa ioni mbili! Umeongeza karibu miliosmoli 90 (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka) juu ya 290 za kawaida. Seli zinanywea, na ujazo wa seli ukibadilika NLRP3 nayo huguswa. IL-1β imeshushwa na potasiamu au na chumvi? Hakuna awezaye kujua, na sahani nzima imepotea.

Tengeneza bafa mbili, kwa milimola: NaCl 145 na KCl 5, kisha NaCl 100 na KCl 50. Glukosi, kalisi, magnesi na HEPES (ya kushikilia pH) visibadilike. Zipime kwa osmomita (kipima miliosmoli) kabla hazijagusa seli. Kisha weka kisima cha tatu: bafa ya kwanza iliyoongezwa NaCl 45. Hicho nacho kikishusha IL-1β, ulichokuwa ukikiona ni chumvi. Na kwa kuwa potasiamu nyingi nje hubadilisha pia volteji ya utando, ongeza A438079 ya kuziba P2X7.

3. ATP iliyoyeyushwa kwenye maji ni asidi. Ifikishe pH 7.4 kwa NaOH, gawa kidogo kidogo, gandisha mara moja tu. Midia ikigeuka njano ulipoitia, acha hapo hapo.

4. Usizipige seli kwa mkondo wa pipeti. Piezo1, chaneli ya utando, huitikia msukumo, na kalisi inaweza kuingia kabla hujaanza jaribio. Elekeza ncha ukutani mwa kisima, taratibu.

5. Pima LDH, kimeng'enya kinachomwagika seli zikipasuka, kila mara. Seli zilizopasuka humwaga pro-IL-1β, na baadhi ya ELISA (vipimo vya protini kwa kingamwili) huihesabu. Pitisha majimaji ya juu kwenye Western bloti, inayotenganisha protini kwa ukubwa, utafute mstari wa kilodaltoni 17, yaani IL-1β iliyokatwa. Ukiona wa 31 (pro-IL-1β) peke yake, seli zimevuja tu.