Pete imekubana kidoleni, halafu unaambiwa huna moyo

SWALI: Daktari shikamoo. Mimi ni mwanamke, mwalimu, nina miaka 33 na kilo 58, naishi Nyegezi, Mwanza, kando ya ziwa. Nimeshafanya triatloni ya nusu umbali (unaogelea, unaendesha baiskeli, kisha unakimbia) kule Rubavu, Rwanda, mara mbili. Mara ya kwanza nilimaliza kwa saa 7 na dakika 20. Mara ya pili nilikuwa nimefanya mazoezi zaidi lakini nikatumia saa 8 na dakika 11, nikaponea chupuchupu kufungiwa muda. Majini nilikuwa vizuri, kwenye baiskeli niliwapita watu wengi, ila kuanzia kilomita ya 8 ya kukimbia kichwa kilikuwa kinauma, tumbo limejaa, natapika, vidole vimevimba mpaka pete ikawa inabana. Na maji nilikunywa kila kituo, sikuruka hata kimoja. Kocha wangu anasema saikolojia yangu ni mbovu, nikifika kwenye kukimbia nakata tamaa, na mbio ijayo nitundikiwe dripu ya vitamini siku moja kabla na asubuhi nichomwe diklofenaki, ile sindano ya maumivu. Tangu nirudi sina hamu hata ya kuiangalia baiskeli. Nifanye nini ili nisipoteze moyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana kumaliza kilomita 113 huku unatapika si kazi ndogo. Habari za triatloni ni nini na viatu gani tuziache, hizo unazijua.

Nimesoma meseji yako mara tatu na kila nikifika kwenye pete nasimama. Umeiweka kama kitu cha pembeni tu, wakati kwangu mimi ndiyo imebeba stori nzima. Vidole kuvimba peke yake kunatokea hata kwa mtu aliyekimbia kawaida tu, sawa, lakini uvimbe pamoja na tumbo kujaa pamoja na kichwa kuuma pamoja na kutapika, kwa mtu aliyekunywa kila kituo kwa masaa nane, hapo siwazii saikolojia hata kidogo. Nawaza kwamba ulikunywa maji mengi kupita kiasi. Siwezi kuapa kwa sababu hakuna aliyekupima damu siku ile, na hilo ndilo linaloniuma, hakuna aliyekupima ila wote wana jibu.

Iko hivi. Damu ina sodiamu, ile chumvi, na inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ukinywa kuliko unavyotoa jasho unaizimua, kama chai uliyoongeza maji mpaka sukari haisikiki. Siku ya kawaida figo zingeyatoa tu, ungekojoa yakaisha, ila mwili ukiwa kwenye kazi ngumu masaa mengi unatoa homoni inayozuia mkojo, kwa hiyo maji yanabaki humo ndani, yanaingia kwenye seli, vidole vinavimba, na ubongo nao unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kichwa kinaanza kuuma hapo. Mwaka 2002 kwenye Boston Marathon watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 pale mwisho wa mbio, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini yake na watatu walikuwa wameshuka mpaka 120 au chini zaidi, kiwango ambacho mtu anaweza kupata degedege na kupoteza maisha. Mwaka huohuo kuna mkimbiaji wa mbio hizohizo alifariki kwa tatizo hilihili. Na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale waliokuwa njiani zaidi ya saa 4 na wale waliomaliza na uzito mkubwa kuliko walioanza nao, yaani watu wa mwendo wa taratibu ambao wana muda wa kunywa kila kituo, watu kama wewe, ambao wameambiwa tangu shule kwamba ukisikia kiu tayari umechelewa. Hiyo kauli naomba uisahau kabisa. Kiu inatosha. Kunywa ukisikia kiu, usiposikia pita kituo, hakuna anayekuhesabia.

Na usiniambie ulikunywa vile vinywaji vya michezo vyenye chumvi. Vingi vina sodiamu kama milimoli 20 kwa lita, damu yako ina 140, kwa hiyo ukivinywa kwa wingi navyo vinazimua tu. Hata ORS, ile chumvi ya kuharisha ya pakiti ya zahanati, ina 75.

Cha kufanya ni rahisi na hakina gharama zaidi ya mzani. Jumamosi ukienda na baiskeli ile barabara ya Kisesa kuelekea Magu, jipime kabla ya kutoka, ukirudi jifute jasho jipime tena, uandike na ulichokunywa njiani. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Fanya mara nne tano, asubuhi ya baridi na mchana wa jua, utajua mwili wako unatoa kiasi gani. Kupungua kilo moja kwa mtu wa kilo 58 hakuna tatizo lolote. Ukirudi umeongezeka, hata nusu kilo, ulikunywa sana, full stop. Kocha aliyekufundisha muda wote huo bila kukupandisha kwenye mzani amekuonea.

Sasa hili la moyo. Hapa ndipo napandisha hasira kidogo, unisamehe, kwa sababu kila baada ya mbio kubwa napata watu wa namna yako wanne watano, mwili umegoma kwa sababu inayopimika halafu wanaambiwa ni akili. Mtu anaenda kulipia semina ya motivesheni wakati damu yake haina chuma. Halafu lazima wamtaje Akhwari. Kila mtu wa motivesheni nchi hii anamjua John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, Olimpiki ya Mexico 1968, alivyoingia uwanjani wa mwisho mguu umefungwa bandeji, na kauli yake kwamba nchi haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Mimi pia nampenda Akhwari. Ila wanasimulia kipande kimoja tu. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, misuli ilimkaza, akagongana na wenzake akaanguka akaumia goti. Watu 75 walianza, 18 waliacha njiani. Kwa hiyo kilichomchelewesha mpaka saa 3 na dakika 25 kilikuwa goti na ile hewa, na si moyo, moyo alikuwa nao tangu anaanza. Na kipande ambacho sijawahi kukisikia kwenye semina yoyote ni hiki: miaka miwili baadaye, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15 akawa wa tano. Mtu yuleyule. Goti lilipona na mahali palikuwa pengine.

Ndiyo maana sikupi maneno ya kujipa moyo mdogo wangu, nakupa kazi. Kwa uzoefu wangu mtu anayejua kilichomwangusha anarudi barabarani mwenyewe bila kusukumwa, na yule anayeambiwa tu kwamba ni dhaifu anaiogopa baiskeli, kama unavyoiogopa sasa hivi. Wiki mbili usiiguse, lala, fundisha watoto, kula sato. Halafu chukua daftari uandike mbio ile yote unavyoikumbuka, ulikula nini, saa ngapi, mapigo ya moyo kwenye baiskeli yalikuwaje, ulianza kunywa lini bila kiu. Hayo mapigo yaangalie kwa makini, maana umesema uliwapita wengi kwenye baiskeli na mara nyingi wanaopita wengi kwenye baiskeli ndio wanaopitwa kwenye kukimbia. Na chakula, gramu 60 hivi za wanga kwa saa ukiwa juu ya baiskeli, tende, ndizi mbivu, kashata, chochote ambacho tumbo limeshazoea mazoezini.

Kuna jingine hujalisema ila mtu wa Nyegezi hahitaji kulisema. Mazoezi yameongezeka, muda umekuwa mbaya zaidi. Unaogelea wapi? Kama ni ziwani, na najua ni ziwani, umepima kichocho lini? Ziwa letu lina kichocho cha tumbo, vijidudu vinatoka kwenye konokono wa pembeni mwa ziwa, kwenye majani, hasa jua likiwa limepanda, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Unaweza kukaa nacho miezi mingi bila kuona kitu zaidi ya uchovu na tumbo la ovyo ovyo. Nenda kapime choo, na upime wingi wa damu pamoja na ferritini, ile akiba ya chuma, kwa sababu mwanamke anayekimbia na anayepata hedhi anaweza kuwa na wingi wa damu wa kawaida huku akiba imekauka. Kikikutwa kichocho dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwako ni kama vidonge vinne vya 600, unapewa hospitali baada ya kula. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha, kwa hiyo kama umeogelea karibuni utaambiwa urudie baada ya wiki sita mpaka nane. Na kuanzia sasa ingia majini kwa mtumbwi, mbali na majani, asubuhi mapema. Hatari haiishi ila inapungua.

Nije kwenye dripu. Kwanza ni marufuku. Sheria za kuzuia dawa michezoni duniani zinakataza kuingiziwa kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya masaa 12, iwe vitamini iwe maji matupu, isipokuwa kama ni matibabu halali ya hospitali, upasuaji au vipimo vya kitabibu. Chupa moja ya dripu ni mililita 500. Ryan Lochte, muogeleaji wa Marekani mwenye medali kibao za Olimpiki, mwaka 2018 aliweka mwenyewe picha yake Instagram akiwa na dripu ya vitamini mkononi, hakuna dawa haramu ndani yake, akafungiwa miezi 14. Kocha wako anataka kukupeleka hukohuko na hajui. Pili haikusaidii chochote, mtu anayekula na kunywa kawaida vitamini za ziada anazikojoa. Pesa yako inaishia chooni.

Diklofenaki ni mbaya zaidi na inauzwa kama pipi. Kwenye mbio ndefu damu inayofika kwenye figo inapungua, na figo zinajitetea kwa kemikali fulani ambayo diklofenaki na ibuprofeni ndizo zinaizuia. Ukichanganya na jua na masaa nane figo zinaweza kuumia kweli. Na dawa hizohizo zinafanya mwili uzuie maji zaidi, kwa hiyo kwa tatizo nililolishuku kwako ni kama kumwagia mafuta ya taa kwenye moto. Asubuhi ya mbio usichome kitu. Kama goti linauma mpaka unahitaji sindano ili uanze, usianze.

Na wewe unayesoma hapa ambaye huna habari na triatloni, labda unakimbia tu nusu marathoni hapa mjini au unashindana baiskeli kama ndugu zetu wengi wa Usukumani, hili linakuhusu. Kuna kijana aliletwa kwetu jioni moja baada ya mbio, anaongea vitu visivyoeleweka, hamjui hata kaka yake aliyekuja naye. Walioanza kumwona, mahali ambapo sitapataja, walisema kaishiwa maji, wakamtundikia dripu mbili za glukosi moja baada ya nyingine. Tulipompima sodiamu ilikuwa 121. Kila tone walilomwekea lilikuwa linazidi kumzamisha. Kilichomrudisha ni chupa ndogo ya maji ya chumvi kali, asilimia 3, mililita 100 tu, na usiku mzima wa kumwangalia. Kaka yake alikuwa na simu yenye picha ya kijana akimaliza, anacheka, na kwenye ile picha mikono ilikuwa tayari imevimba, kamba ya saa imezama kwenye ngozi.

Kwa hiyo ukimwona mtu baada ya mbio amechanganyikiwa, anatapika, kichwa kinampasuka, usimlazimishe maji na usikubali mtu wa duka la dawa amtundikie chochote. Tafuta gari, mpeleke hospitali yenye maabara, na ukifika sema mambo mawili kabla hujaulizwa: amekunywa kiasi gani, na kachomwa nini asubuhi.