Mdomo wa katheta: kwa unayeanza kazi kitengo cha kusafisha damu

Wiki ya kwanza utaogopa mashine. Kila mtu huiogopa, kwa sababu ina kengele nyingi na taa zinazowakawaka. Lakini mashine ikikosewa hulia. Katheta, ule mpira uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa mgonjwa ili damu iende na kurudi mashineni, hailii. Ukiikosea asubuhi, majibu yake huja kesho kutwa usiku, mgonjwa yuko kwake anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyeifungua. Mimi naamini kazi yetu kubwa iko kwenye dakika chache za kufungua na dakika chache za kufunga. Zile saa 4 za katikati mashine inajifanyia mengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza ujue unashika nini. Katheta ya shingoni, ncha yake inaishia mlangoni mwa moyo au ndani kabisa ya chumba cha juu cha kulia. Kwa hiyo ukigusa mdomo wake ukiwa wazi, umegusa damu ya mtu. Ile ya kukaa muda mrefu hupitishwa chini ya ngozi ya kifua na ina pete ya nyuzi. Nyama huota kuizunguka ndani ya wiki mbili hadi nne, ikaushika mpira usichomoke na kuziba njia ya vijidudu vya ngozini. Vile unavyoviingiza mwenyewe kwa juu, pete haina habari navyo.

Barakoa wavae wote wawili, wewe na mgonjwa, na yeye ageuzie uso upande wa pili. Hakikisha vibano vimefungwa kabla hujagusa kifuniko, maana kibano kikiwa wazi na mgonjwa akavuta pumzi, hewa inafyonzwa moja kwa moja kuelekea moyoni. Safisha kifuniko kikiwa bado mahali pake, kisha kitoe na usugue mdomo wenyewe kwa klorheksidini yenye spiriti, au dawa nyingine ambayo mtengenezaji wa katheta ameiruhusu. Sugua juu, pembeni, na kwenye ile mizunguko ya skrubu ambako damu kavu hupenda kujificha. Sekunde 15 zisipungue. Katheta ina njia mbili, nyekundu ya kutolea damu na buluu ya kuirudishia; maliza moja ndipo uende nyingine. Halafu iache ikauke yenyewe; usipulize wala usipepee. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, nami nimo. Kuna mzee mmoja wa miaka mingi kwenye dayalisisi, yaani huku kusafishwa damu, aliyekuwa akituhesabia kimoyomoyo. Siku moja nimeshaweka chini gozi, kile kitambaa cha kusugulia, akaniambia bila hata kugeuza uso, "Bado tatu, mwanangu." Nikachukua gozi nyingine nikaanza upya.

Sasa vuta dawa iliyolala ndani. Katheta iliyofungwa jana ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na katika vitengo vingine nguvu yake ni yuniti 5,000 kwa kila mililita. Nilipokuwa na miezi miwili kazini, siku ambayo wagonjwa walikuwa wamerundikana mlangoni, nilisukuma salaini, yale maji ya chumvi, kwenye njia nyekundu bila kuvuta kwanza. Njia ile inachukua mililita 1.9, piga hesabu: karibu yuniti 9,500 kwa mpigo mmoja. Mama wa watu alikuwa ameng'oa jino juzi yake. Haikupita nusu saa fizi ikaanza kuchuruzika, akawa anatema damu kwenye kikombe cha karatasi huku akinipa pole mimi. Tulizima heparini ya mashine, tukamkandamizia gozi hadi mwisho wa zamu, nami nikaandika ripoti kwa mkono wangu. Iandike na wewe siku yako ikifika.

Kwa hiyo vuta mililita 5 hivi kila upande, na usizitupe bila kuzitazama. Zimimine taratibu juu ya gozi nyeupe. Damu safi hutandaa sawasawa. Donge hubaki juu kama kipande cha ini, au kama uzi mweusi. Ukiliona, vuta tena hadi gozi iwe safi. Kisha jaribu sirinji ya mililita 10: ikijaa ndani ya sekunde tatu bila kukwamakwama, hiyo ni sawa na mililita 200 kwa dakika kwa mkono tu, na pampu kwa kawaida haitakusumbua.

Ikisumbua, usikimbilie kubadilisha nyekundu iwe buluu. Pampu itapiga, ndiyo, lakini sehemu ya damu iliyosafishwa itarudi mashineni tena badala ya kwenda mwilini, na mgonjwa ataondoka hajasafika vizuri huku karatasi ikionyesha alikaa saa zote. Funua uangalie mpira haujakunjika chini ya bandeji, mlaze tofauti, mwambie akohoe. Kisha uliza umri wa tatizo. Katheta ambayo haijawahi kufanya vizuri tangu iwekwe, mara nyingi imekaa vibaya au imejikunja. Hiyo inataka picha. Iliyokuwa nzuri ikachoka polepole, shuku donge ndani yake au utando uliojivika nchani. Daktari anaweza kuagiza altepulazi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida miligramu 2 kila njia, ilale humo kwanza. Usilazimishe kwa sirinji ndogo. Ndogo ndiyo yenye shinikizo kubwa. Na kama umelazimika kubadilisha njia ili umalize siku, andika, usiliache liwe jambo la kila zamu.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2011 ulinifungua macho: waliofungiwa dawa hiyo ya kuyeyusha damu iliyoganda mara moja kwa wiki badala ya heparini, katheta zilipata hitilafu kwa asilimia 20 yao, dhidi ya 34.8 ya waliotumia heparini tu, na pia maambukizi ya damu yalipungua. Donge ni shamba la bakteria. Kwa hiyo kuziba na kuambukizwa usizitazame kama kesi mbili tofauti.

Wakati wa kufunga, sukuma salaini mililita 10 kila njia kwa kukatakata, siyo kwa mkupuo laini, ili ikoroge kuta. Halafu heparini au sitreti, ambayo nayo huzuia damu kuganda, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye njia yenyewe. Soma, kwa sababu nyekundu na buluu huweza kutofautiana. Funga kibano kidole kikiwa bado kinasukuma. Ukiachia kwanza, damu inarudi nchani na kesho utamlaumu mwenzako.

Mgonjwa akianza kutetemeka nusu saa au saa moja baada ya kuunganishwa, usimtafutie blanketi ukaendelea na mambo yako. Chukua damu ya kuoteshwa maabara ili vijidudu vionekane, kabla antibiotiki haijaingia. Kidonda cha ngozini kinaweza kuwa kikavu na kizuri kabisa, na wazee wanaweza wasipate hata homa. Na aliyewahi kupata maambukizi ya damu, akilalamika mgongo wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari siku hiyohiyo, kwani vijidudu hivyo hupenda kwenda kukaa kwenye uti wa mgongo au kwenye vali za moyo.

Mwisho niseme la wodini. Wenzetu wakikosa mshipa huiona katheta yetu kama bomba la bure la kutolea damu na kutundikia dripu. Gomba nao kwa heshima, na mfundishe mgonjwa kukataa mwenyewe. Papo hapo muulize fistula yake, ile mishipa ya mkono inayounganishwa kwa upasuaji ili itumike badala ya katheta, imefikia wapi, kwa sababu huchukua wiki hadi miezi kukomaa. Kama bado hajafanyiwa, chagueni na daktari mkono utakaotunzwa, uandike kwenye faili kwa herufi kubwa, ili asichomwe sindano hapo wala kupimwa presha.