407 si mtandao umekatika

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seva hapa Mombasa, wiki hii tena nimemkuta mmoja wenu kainama chini ya meza anachomoa kebo na kuichomeka, na skrini imemwandikia waziwazi: 407 Proxy Authentication Required. Kebo nzima kabisa. Anayejibu 407 ni proksi yenyewe, seva ya kati inayopitisha maombi yetu kwenda intaneti: umeifikia, imekusikia, inataka kujua wewe ni nani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimefika mji huu tangu 2009. Proksi haikuwekwa kwa uhaba wa intaneti, imewekwa ili ijulikane nani katoka nje na kafuata nini.

1. Soma namba kabla hujagusa kitu. 407 ni jina au paswadi. 403 mara nyingi ni kwamba anwani unayoitaka imezuiwa.

2. Ukiandika `export http_proxy` na anwani ya proksi, halafu `sudo apt update` ili apt ishushe orodha ya masasisho, sudo (amri ya kukupa mamlaka ya msimamizi) kwa kawaida huitupa hiyo anwani uliyoiweka. Na paswadi yako, iliyokuwa ndani ya anwani hiyo, imeshabaki kwenye `.bash_history`, faili linalotunza amri ulizoandika. Weka faili ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`, mstari wa `Acquire::http::Proxy` na wa `Acquire::https::Proxy`, na msisahau nukta-mkato (;) mwishoni, jamani.

3. Anwani ya proksi huandikwa `http://jina:paswadi@proksi:mlango`, kwa hiyo paswadi yenye @ huichanganya anwani nzima. Andika %40. # ni %23, : ni %3A, na % yenyewe ni %25.

4. Usiweke akaunti yako mwenyewe ndani ya faili hilo. Hapa naomba mtulie mnisikilize, kwa sababu ndipo mnapoumia kila mwaka.

Kulikuwa na kijana hodari sana, ofisi moja ya uwakala wa forodha. Alizipanga seva zote vizuri, masasisho yakashuka, kila mtu akafurahi. Ndani ya kila faili aliandika jina lake na paswadi yake. Siku ya kubadilisha paswadi ikafika, akabadilisha kwenye kompyuta yake, akaendelea na kazi. Seva hazikuambiwa. `apt-daily.timer`, saa inayoiamsha apt yenyewe, huamka mara mbili kwa siku, kila seva kwa wakati wake, na kila ikiamka inabisha kwa proksi na paswadi ya zamani. Mfumo ukahesabu makosa, ukaifunga akaunti yake. Akafunguliwa. Kabla ya chai ya saa nne imefungwa tena. Na akaunti hiyo ndiyo aliyokuwa akiwasaidia nayo wenzake, kwa hiyo makarani wamesimama mlangoni kwake na karatasi za makontena ya Kilindini mkononi, naye hawezi hata kuingia. Wengine wakasema ni virusi, wengine kuna mtu anamchezea. Akaifuta kompyuta yake na kuipanga upya, bure. Jibu lilikuwa kwenye `access.log`, kumbukumbu ya Squid, programu inayoendesha proksi, muda wote: TCP_DENIED/407, anwani zile zile za seva, mstari baada ya mstari. Iliniuma kumwona alivyochoka, maana hakuwa mzembe.

Basi mwombeni msimamizi akaunti ya huduma, ya seva peke yake, yenye ruhusa ya kupita kwenye proksi na basi. Faili lile kwa kawaida linasomeka na kila anayeingia kwenye seva. Akisoma hiyo, hajasoma barua pepe yako wala mshahara wako.

5. Proksi ikidai NTLM, njia ya Windows ya kuthibitisha wewe ni nani, tumia programu ya `cntlm`: inakaa kwenye 127.0.0.1 mlango 3128, apt inaongea nayo, nayo inaongea na proksi. `cntlm -H` itakupa hashi, yaani paswadi iliyogeuzwa isisomeke, usiiandike paswadi kavu.

6. Snap, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Ubuntu, haisomi faili la apt. Ina yake: `sudo snap set system proxy.http=` na anwani, kisha `proxy.https`.

Ukimaliza, andika `apt-config dump | grep -i proxy` uone apt imesoma nini hasa. Ukiona anwani ya proksi ambayo si uliyoiweka wewe, huenda kuna aliyekutangulia kuacha faili lake humo. Lifute, ndipo uniite.