Mwanangu, kuhusu yule fundi uliyempata mtandaoni

Marahaba, mwanangu Neema.

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku baada ya kufunga duka. Nimeona nisikujibu kwa sauti, maana mambo yenyewe ni mengi na ningependa uyasome taratibu. Unasema tangu uhamie Goba, huko Dar es Salaam, koki ya jikoni inavuja, soketi ya chumbani inatoa cheche ukichomeka pasi, na kitasa cha mlango wa bafu hakifungi. Mtaani humjui mtu. Ukatafuta mtandaoni, ukampata fundi mwenye picha nzuri za kazi, naye anasema atamaliza vyote vitatu ila umtumie kwanza shilingi 80,000 za vifaa. Unauliza kama fundi wa namna hiyo anaaminika.

Hela hiyo usitume. Huyu mtu hajaiona koki yako, hajui kama ni ya ukutani au ya kwenye sinki, hajafungua soketi, hajui kitasa ni cha aina gani. Sasa hiyo 80,000 ameihesabu kwa kutumia nini? Mwambie hivi, kwa heshima: "Fundi, njoo uangalie kwanza, nauli ya kuja nitakupa, vifaa tutanunua ukishaona." Fundi wa kweli atakubali, au atakwambia wazi kwamba kuja kuangalia anatoza kiasi fulani, na hilo ni haki yake. Asiyetaka kuja mpaka hela iingie, achana naye.

Kuna jambo jingine la kukusaidia. Laini zote siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo ukitaka kutuma hela, jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kama amejitambulisha kwa jina moja na pale linatoka lingine, naye anakwambia "hiyo ni ya mke wangu" au "hiyo ni namba ya duka", simama hapohapo. Duka lenye vifaa lina Lipa Namba yenye jina la biashara, na unaweza kulipa ukiwa umesimama kaunta. Ukiona dalili za utapeli, iripoti ile namba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040 ili mwingine asiumie.

Usinielewe kwamba napinga mtandao. Vijana wengi wanaomaliza vyuo vya ufundi vya VETA hawana karakana wala kibao barabarani. Karakana yao ni simu, na kazi wanazipata kwa picha wanazoweka WhatsApp na Instagram. Ninachotaka ujue ni kwamba kwa kazi ndogo kama zako, swali la kwanza la kumuuliza fundi ni anakaa wapi. Fikiria hesabu yake. Akitoka Mbagala kuja Goba kubadilisha mpira wa koki, nauli na saa za foleni zinakula karibu malipo yote. Atafanya nini? Ama atakuongezea kazi ambayo haikuwepo, akuambie bomba lote limeoza, ama atafunga harakaharaka awahi kwingine. Na koki ikianza tena kuvuja wiki ijayo, hatarudi, maana kurudi ni hasara tupu. Fundi anayekaa Goba, Madale au Makongo atapita kwako akitoka kazi nyingine. Zaidi ya hapo, anajua utakutana naye dukani na jirani zako watasikia alivyofanya. Hicho kinamfanya mtu awe mwangalifu kuliko nyota zozote za kwenye simu.

Kwa hiyo anza na mwenye nyumba. Muulize aliyefunga mabomba na umeme wakati wa kujenga ni nani. Fundi yule anajua mabomba yamepita wapi ndani ya ukuta, na hatapasua marumaru kutafuta. Asipopatikana, omba uingizwe kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wako. Mjumbe au mama mwenye genge hapo jirani atakuonyesha nani analiendesha. Ukiingia, usiandike tu "naomba namba ya fundi bomba", utamwagiwa namba ishirini za mashemeji na binamu. Uliza: "Nani ametengenezewa bomba au koki zaidi ya miezi sita iliyopita na mpaka leo haijasumbua?" Kazi ya bomba siku ya kwanza huwa nzuri kwa kila fundi. Ubovu unakuja baadaye, tepu ikiwa ilizungushwa kidogo au mpira ulikuwa wa ovyo. Ndiyo maana sifa za mtu aliyefanyiwa kazi jana hazikusaidii sana.

Baada ya hapo ndipo utumie Google Maps, ile tovuti ya matangazo ya Jiji na kurasa za Facebook. Huko, soma maoni kwa kuangalia tarehe. Sifa kumi zilizoandikwa wiki moja, zote "kazi safi, fundi mzuri", ziache. Maoni yanayotaja kilichotengenezwa, mtaa na bei yana uzito, hata kama mtu analalamika kidogo kwamba fundi alichelewa. Picha nazo zinaibwa sana. Mwombe fundi akutumie picha za kazi moja kabla, katikati na baada, au mpigie simu ya video akiwa kazini. Mwombe pia namba za wateja wawili wa karibu, kisha wapigie kweli. Watu wengi wanaomba namba halafu hawapigi.

Ukishampata, msikilize anavyouliza. Nimekaa nyuma ya kaunta ya vifaa hapa Morogoro miaka mingi, mwanangu, na fundi namfahamu kabla hajanunua kitu. Anayejua kazi huja na kifaa cha zamani mkononi, anakilinganisha na kipya. Kwa koki yako atakuuliza: inavuja mdomoni, shingoni au pale inapoingia ukutani? Ikidondosha mdomoni wakati imefungwa, mara nyingi ni mpira wa ndani, ile washa, ambayo bei yake haifiki nauli ya bajaji. Koki za kuzungusha kidogo tu mara nyingi zina katriji, na hiyo hubadilishwa nzima. Ikivuja shingoni unapofungulia, ni mpira wa kwenye shina. Ikivuja ukutani, ni nyuzi na tepu. Anayesema "nunua koki mpya" bila kuuliza hata moja kati ya hayo, ama hajui, ama anataka cha juu. Ni kweli koki nyingine huliwa na maji ya kisima yenye chumvi mpaka hazifai tena, lakini akufungulie akuonyeshe.

Cha juu nakiona kila siku. Mteja anampa fundi hela taslimu, fundi anakuja dukani anachukua kifaa cha bei ya chini kabisa, kisha anaomba risiti iandikwe zaidi. Mimi nakataa, na wapo wanaohama duka langu kwa sababu hiyo. Dawa yake ni nyepesi: fundi aandike orodha ya vifaa na vipimo, wewe uende naye dukani au uende mwenyewe, ulipe, uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na kila alichokitoa akuachie, hata kama ni takataka. Fundi mwadilifu hatakasirika. Wengi wanafurahi, maana wanaepuka lawama.

Sasa ile soketi. Hapa nakuomba unisikilize kuliko kote. Usiitumie tena kuanzia leo. Nenda kwenye boksi la breka, zima breka ya soketi za chumbani, uache hivyo mpaka itengenezwe. Cheche mara nyingi zinatokana na waya uliolegea kwenye skrubu au vyuma vya ndani vilivyoungua, na vyote viwili huleta joto linaloweza kuwasha moto. Soketi yetu ni ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 tu. Pasi na birika la umeme kwenye ekstensheni moja vinaweza kuvuka hapo. Kama ndivyo ulivyokuwa unafanya, mwambie fundi, itamsaidia kujua kilichoiunguza.

Kazi hii asiifanye yule wa bomba, hata akikuapia anajua kila kitu. Ndio hao mnaowaita fundi maiko. Kwa umeme uliza leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Mafundi umeme wanapewa leseni kwa madaraja, na mwenye nayo anaionyesha bila kununa. Kwa bomba na useremala sina ukali huo wa makaratasi. Kuna mafundi wakubwa waliojifunza kwa kumfuata mjomba kazini, na VETA wenyewe wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia mtaani. Umeme unaua, ndiyo tofauti. Akija, mwangalie: anazima breka kabla ya kufungua? Anagusa kwa tesita kwanza kuhakikisha hakuna umeme? Anayefungua soketi ikiwa na umeme huku anakwambia "nimezoea", msimamishe kwa upole, umlipe nauli, aende. Na fundi yeyote atakayekugusia kuchezea mita ya LUKU ili ulipe kidogo, mtoe nje siku hiyohiyo. Mita ni ya TANESCO, na mpangaji ndiye atakayekutwa ndani.

Kabla hawajaanza, patana kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha: kazi ni ipi, hela ya ufundi kiasi gani, vifaa ananunua nani, anakuja saa ngapi, na ikiharibika ndani ya mwezi mmoja atarudi bure au la. Halafu usimkabe mno kwenye bei. Ninyi vijana mna tabia ya kushusha elfu ishirini mpaka elfu nane mkaona mmeshinda. Fundi aliyekabwa atafidia kwenye kazi, au hatapokea simu yako tena. Afadhali umpe sababu ya kuja: kusanya kazi ndogo za aina moja. Kama kuna flashi ya choo inayosumbua au floti ya tangi isiyokata maji, mwonyeshe fundi bomba siku hiyohiyo. Kitasa mpe seremala, na kama kuna kabati linaloning'inia, naye alimalize siku hiyo.

Unakaa peke yako, kwa hiyo nisipolala kwa sababu ya hili utanisamehe. Fundi aje mchana. Mwombe rafiki au jirani awepo, hata kama ni kukaa sebuleni na simu yake. Lokesheni mtumie mkishapatana, na usimwambie kwamba huna mtu ndani. Mwombe kitambulisho ukipige picha, umtumie mdogo wako. Mwenye nia njema hatajali. Funguo usimwachie, hata kama umechelewa kazini. Ratiba zikigongana, mtapanga siku nyingine.

Akimaliza, usilipe kwa kuangalia tu. Fungulia maji, funga, kausha koki kwa kitambaa, subiri nusu saa, kisha pitisha karatasi ya chooni kwenye viungio. Ikilowa, kazi haijaisha. Soketi ichomekee pasi kwa dakika kumi ukiwa hapo, halafu zima, chomoa, ushike kifuniko chake. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, aifungue tena. Vikiwa sawa, mlipe palepale, hela yote, na shukrani. Mafundi nao wanadhulumiwa sana, mwanangu. Wanaambiwa "njoo kesho" mwezi mzima kwa hela ya jasho lao. Ukijulikana unalipa siku ileile, ukipiga simu saa tatu usiku bomba limepasuka, atakuja.

Na ukirudi mtandaoni, muandikie maoni ya kweli: alitengeneza nini, mtaa gani, na baada ya miezi mitatu rudi uongeze kama bado imara. Kuna binti mwingine atahamia Goba mwakani naye hamjui mtu.

Kuhusu gharama, soma mkataba wako kabla ya kutoa hata shilingi. Kama waya wa ndani ya ukuta ndio umeungua, hiyo ni ya kuzungumza na mwenye nyumba, mkubaliane kwa maandishi kama analipa yeye au inakatwa kwenye kodi. Risiti zote zihifadhi. Na leo jioni nipigie picha koki kwa mbele na kwa pembeni, pamoja na kitasa kikiwa mlango wazi. Nitakwambia ni saizi gani na bei yake hapa dukani, ili wa huko asikupandishie.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako