Mzunguko mmoja wa steroidi na uwezo wa kuzaa
Ndugu, umeuliza kama mzunguko mmoja, yaani wiki 8 za sindano za testosteroni (homoni ya kiume, steroidi inayotumiwa kujenga misuli), zinaweza kuathiri uwezo wa kuzaa. Zinaweza. Ubongo ukihisi homoni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo husinyaa na kupunguza mno utengenezaji wa mbegu, kiasi kwamba kijana mwenye kifua kipana anaweza kupimwa akakutwa hana mbegu hata moja. Baada ya kuacha, utengenezaji wa mbegu huchukua miezi mingi kurejea, na kwa wengine haurejei kikamilifu. Vidonge vya steroidi, ambavyo wengi huvidhania salama kwa kuwa havina sindano, ndivyo huumiza ini zaidi. Ikiwa umekwisha kuanza, mweleze daktari ukweli wote, akupime pia kolesteroli na shinikizo la damu.