Kwa mdogo wangu unayeanza kukaa kaunta ya duka la DVD

Mteja akisema "nipe muvi nzuri", usinyooshe mkono kwenye rafu. Muulize kwanza ataitazama na nani. Nimekaa kaunta hapa Tanga tangu enzi za kanda za VHS, na sijapata swali linaloshinda hilo. Muvi ambayo kijana ataifurahia akiwa peke yake chumbani, ikiwashwa sebuleni mbele ya mama mkwe inamfanya atafute rimoti huku jasho linamtoka. Aibu ile haisahau, wala hamsahau aliyemuuzia.

Waangalie makondakta wa mabasi ya Dar na Arusha. Ni wateja wazuri, kila wiki wanarudi. Lakini ndani ya basi kuna bibi anayetoka hospitali, kuna watoto, kuna shehe na kuna padri, na hakuna anayeweza kuinuka akaondoka. Muvi ya basi isiwe na matusi wala mambo ya chumbani. Iwe na vitendo vingi kuliko maneno, kwa sababu injini na upepo wa dirishani vinameza sauti. Na abiria aliyepandia Segera au Mombo, akiikuta katikati, aweze kuidaka. Ndiyo maana vichekesho vya King Majuto havikai sana dukani kwetu. Marehemu alikuwa mtu wa hapahapa Tanga, alifariki Agosti 2018, na mpaka leo watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Uso na mwendo wake vilitosha, hata anayekaa siti ya nyuma kabisa anaelewa.

Mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi kwa kiingilio, anataka kinyume chake: kelele, risasi, stelingi anayepigwa mpaka watu wakate tamaa halafu anyanyuke. Dada wa saluni naye mpe tamthilia ndefu, hata ya sidii nyingi. Anayesukwa anakaa saa kadhaa, akiondoka hajamaliza hadithi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kurudi kusuka palepale.

Swali la pili ni hili: ni muvi gani uliitazama mwisho ukatamani kuirudia? Usimuulize anapenda aina gani. Akikujibu "za mapigano" bado hujajua kitu, kwani mmoja ana maana ya kungfu za Kichina, mwingine za vita, mwingine za Kihindi ambazo ngumi zinakuja baada ya nyimbo tatu. Kama jina halikumbuki, mwache asimulie, na usimkatize. Akisema "yule mwanajeshi anayewindwa na polisi msituni, anawatega mmoja mmoja", hiyo ni Rambo ya kwanza, ya 1982. Akisema "yule anayerudi Vietnam kutafuta mateka", hiyo ni ya pili, ya 1985. Kwa wateja wengi zote ni "Rambo" tu, na wakati mwingine hata muvi za watu wengine wanaziita Rambo. Ni kazi yako kujua wanaisema ipi. Kwa hiyo zitazame unazouza. Anayesoma kava tu hawezi kutambua hadithi inayosimuliwa na mtu aliyeitazama akiwa mtoto kwa jirani.

Sasa nikueleze habari za seti, maana hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapopoteza wateja.

Seti ziko za namna mbili. Kuna seti ya mfululizo, hadithi moja inayoendelea, na kuna seti ya mwigizaji, muvi zake zilizokusanywa pamoja bila kuhusiana. Mteja anayechukua ya Jackie Chan akidhani ni hadithi inayoendelea atarudi akilalamika kwamba umempa sidii zilizochanganyika. Mwambie kabla hajalipa. Ukimuuzia ya mfululizo, mwambie pia aanzie wapi, kwa sababu namba kwenye kava si mara zote zinasema kweli. Muvi ya tatu ya Fast and Furious, ile ya Tokyo iliyotoka 2006, kwa mtiririko wa hadithi inakuja baada ya ya sita, iliyotoka 2013. Mtu akizifuata kwa namba atamwona mtu aliyekwisha kufa anaendesha gari, atakuja kukuuliza, na inabidi uwe na jibu. Za Jackie Chan zina mkanganyiko mbaya zaidi: Armour of God ilitoka 1986 na ya pili yake 1991, lakini Marekani ile ya pili ilitangulia kuuzwa kwa jina la Operation Condor, kisha ya kwanza ikauzwa kama Operation Condor 2. Nimeona seti zenye muvi hiyo moja mara mbili kwa majina mawili. Soma mwaka na angalia picha, usiamini jina.

Neno "kamili" kwenye seti nalo lipime. Seti ya Rambo iliyotengenezwa kabla ya 2008 ina muvi tatu, na kwa wakati wake ilikuwa kamili kweli. Baadaye ikaja ya nne, na 2019 ikaja ya tano. Mwambie mteja zilizomo na zisizomo. Hatakasirika kwa kuambiwa, atakasirika kwa kugundua nyumbani.

Kwa Bongo muvi jambo hili ni zito zaidi. Wasambazaji wetu walizoea kuikata hadithi moja wakaiuza kama Part 1 na Part 2, kila moja na kava lake. Wanaokuja kutafuta za mwigizaji Kanumba, na tangu alipofariki Aprili 2012 hawajaisha, mara nyingi wana kipande kimoja tu nyumbani. Kama huna Part 2 dukani, usimuuzie Part 1 bila kumwambia. Nami naona ni dhuluma kumwachia mama hadithi inayokatika mtoto akiwa bado hajapatikana, kisha ukamwambia "njoo wiki ijayo" wakati unajua mzigo hauji.

Na yule ambaye hajawahi kutazama hata moja katika mfululizo, usimpe seti nzima hata kama ana hela mkononi. Mpe ya kwanza peke yake. Ikimkaa moyoni atarudi mwenyewe. Ukimbebesha zote nane asizipende, atazitazama kabatini kila siku akikukumbuka kwa ubaya.

Kuhusu zile sidii za "muvi ishirini kwa moja": hazina ruhusa ya wenye kazi, na sisi hatuziuzi. Hata ukiacha haki ya waliotengeneza, hesabu yake inazikataa. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, na muvi moja ya saa mbili yenye picha safi inaweza kuijaza karibu yote. Ukibana ishirini humo, kwenye runinga pana uso wa mtu unakuwa vipande vipande, na deki nyingi za zamani hazisomi kabisa. Kazi ya Kitanzania iliyo halali angalia stempu ya TRA, Mamlaka ya Mapato, kwenye kava, utaratibu ulioanza 2013. Isiyo nayo iache hukohuko Kariakoo.

Deki pia iulizie. Watu wetu wengi wana ndugu Oman na Uingereza, wanaletewa seti nzuri za dukani, lakini DVD hutengenezwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia yaliyopewa namba: huko kote ni kanda namba 2, wakati sisi tumepangiwa namba 5. Deki nyingi za bei nafuu mjini zinasoma kanda zote, lakini zipo zinazokataa, na mwenyewe anadhani sidii ni mbovu. Halafu kuna sidii za tabaka mbili, zenye GB 8.5: katikati ya muvi picha inaganda kidogo, kisha inaendelea. Hapo deki inahama tabaka, na haijaharibika kitu. Mwambie mapema, vinginevyo kesho asubuhi atakuwa mlangoni. Sidii iliyokwaruzwa kutoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi inacheza vizuri. Mkwaruzo wa kuzunguka ndio unaoua. Ukiifuta, futa kutoka katikati kwenda nje.

Mwezi wa Ramadhani utaulizwa tamthilia ya Nabii Yusuf kutoka Iran. Ina sehemu 45, basi hesabu sidii zote kabla hujaitoa. Lakini usiipendekeze wewe kwa mtu ambaye hajaitaja. Zipo nyumba ambazo kuona mtu anaigiza nabii ni jambo lisilokubalika, na zina haki hiyo. Akiitaka mwenyewe, mpe. Asipoitaja, kaa kimya.

Mteja akirudi kusema hakuipenda uliyomchagulia, usibishane wala usiisifu muvi. Msalimie, kama ni mzee mwamkie, kisha muulize aliachia wapi. Anayesema "nililala mwanzoni kabisa" hawezi hadithi zinazoanza taratibu. Anayesema "nilizima walipomchinja yule" hataki damu, hata kama alikuambia anapenda vita. Yaandike hayo kwenye daftari lililo chini ya droo ya hela, karibu na jina la mama fulani au kaka fulani. Utalikuta lina kurasa nyingi zilizojaa. Lisome jioni wateja wakipungua, kabla hata hujajua bei zote.